Leseni uza, jina tuachie

Mwaka 2024 Mwanza tulipata timu ya Ligi Kuu bila kupanda daraja. Hakuna aliyechangishwa nauli ya wachezaji, hakuna mechi ya mchujo, hakuna redio kijiweni wala roho juu, Singida Fountain Gate walikusanya mabegi yao huko Singida wakaja kuufanya CCM Kirumba uwanja wao wa nyumbani na sisi tukaambiwa haya, timu hiyo, shangilieni. Jezi inasoma Singida, mashabiki wake wako Singida, na sisi tumekaa jukwaani na karanga zetu tunaangaliana. Jamaa pembeni yangu akaniuliza, "Kaka, hawa wakifunga tunasimama au tunakaa?" Nikamwambia subiri wafunge kwanza.

Sasa fuatilia hii kitu taratibu maana inachanganya hata ukiwa na kalamu. Timu hiyo ilianza kama DTB, timu ya benki. Ikapanda Ligi Kuu 2022 ikaitwa Singida Big Stars. 2023 ikawa Singida Fountain Gate. 2024 neno Singida likatoka, ikabaki Fountain Gate tupu, ikaishia Babati, Manyara, kwenye Tanzanite Kwaraa. Huku nyuma Ihefu, ambayo ni timu ya Mbarali kule Mbeya, timu ya wakulima wa mpunga ile, ikahamishiwa Singida ikabatizwa Singida Black Stars. Na uwanja wenyewe wa Singida, ule tuliokua tunaujua kama Namfua, sa hivi unaitwa Liti. Kwa hiyo mtu aliyeondoka Singida 2017 akaacha Singida United inacheza Namfua, akirudi leo kila kitu kipo, majani yapo, magoli yapo, watu wapo, ila hakuna jina hata moja analolijua. Na si Singida peke yao bana, kuna Kitayosce ya Kilimanjaro ilihamia Tabora ikawa Tabora United, juzi juzi 2025 ikawa TRA United, TRA hiyohiyo ya mamlaka ya mapato. Shabiki wa Tabora kalala anashabikia mji wake kaamka anashabikia mapato.

Mi sipingi timu kuuzwa, niweke hilo wazi kabla hamjanivaa. Timu ni gharama. Kutoka Mwanza kwenda Dar tu ni zaidi ya kilomita 1,100, hapo bado Mtwara, bado Songea, bado Mbeya, basi linataka mafuta, wachezaji wanataka kula na kulala, posho isipotoka mtu anagoma mazoezi na ana haki yake. Ukimpata tajiri mwenye moyo, mpokee kwa mikono miwili. Ninachobisha ni kimoja tu, kwamba tajiri akinunua leseni ya kucheza ligi anahesabu kanunua na jina, na rangi, na kumbukumbu za watu waliokuwa wanakaa kwenye jua miaka yote kabla yeye hajajua offside ni nini. Hivyo vingine havikuwa dukani.

Na hili si wazo langu la kijiweni, kuna watu walishalipigania mpaka mahakamani. Marekani, mji wa Cleveland, walikuwa na timu ya ule mpira wao wa kubeba mkononi inaitwa Browns. Mwaka 1995 mwenye timu akatangaza anaihamishia Baltimore. Watu wa Cleveland hawakuishia kulalamika, jiji likaenda mahakamani, na makubaliano yaliyofikiwa 1996 yakawa hivi: bwana mkubwa, wachezaji chukua, makocha chukua, nenda zako. Jina linabaki hapa. Rangi zinabaki hapa. Rekodi zote zinabaki hapa. Kule Baltimore ikabidi watafute jina jipya, wakajiita Ravens, na Cleveland wakakaa miaka mitatu hawana timu ila wana jina, mpaka 1999 ligi ilipowapa timu nyingine ikavaa jezi zilezile za kahawia na chungwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Miaka mitatu wana jina tu! Mi nawaheshimu sana hao watu.

Seattle nao hivyohivyo, 2008 timu yao ya kikapu SuperSonics ilihamia Oklahoma City ikawa Thunder, lakini jina na ile kijani na njano vikaachwa Seattle vikisubiri. Na Thunder hiyohiyo ndo aliichezea Hasheem Thabeet wetu baadaye, yule mrefu aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, pale timu zinapogawana wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies. Hao Memphis ni mfano wa upande wa pili sasa, timu ilizaliwa Vancouver, Kanada, ikahamia Memphis 2001 na jina lake la dubu wa milimani, na dubu wa aina hiyo Memphis hayupo. Lakers ndo usiseme, walitoka Minneapolis, jimbo la Minnesota lenye maziwa ya maji kila kona, ndo maana waliitwa hivyo, 1960 wakahamia Los Angeles wakaenda na jina. Kama ni jina la watu wa ziwani si bora wangetupa sisi wa Mwanza, tungelitumia vizuri kuliko wao.

Nikirudi nyumbani. Ninapofikiria jina la timu kukaa bila timu, na watu wakalitunza, nafikiria Pamba.

Kwa wadogo zangu ambao mmeanza kuijua Pamba kwenye king'amuzi: Pamba ya Mwanza ilikuwa bingwa wa Ligi ya Muungano 1990, na mwaka huohuo kwenye Kombe la Washindi Afrika iliwafanyia watu wa Shelisheli, Anse Boileau, kitu kibaya sana, mechi moja iliisha 12-1. Kumi na mbili! Siku hizi tukishinda tatu tunaandika stori wiki nzima. Iliitwa TP Lindanda, Wana Kawekamo, na hiyo TP, yaani Tout Puissant, mwenye nguvu zote, imetoka Kongo moja kwa moja, ni ileile ya TP Mazembe, enzi hizo ukitaka kujisifu kimpira ulikopa maneno Lubumbashi. (Mazembe wenyewe walikuwa Englebert zamani, jina la kampuni ya matairi, kwa hiyo hata wababe walipitia kwa mdhamini.) Na jina Pamba lilikuwa ni kazi ya watu. Usukuma nzima ilikuwa inalima pamba, vinu vya kuchambulia vipo, ushirika upo, katikati ya mji kuna Barabara ya Pamba mpaka leo, mzee akiuza mzigo wake anakuja mjini na hela mfukoni na Jumamosi anaingia uwanjani kuangalia timu yenye jina la shamba lake. Sasa hapo unahitaji wabunifu wa nembo wa nini?

Halafu mashirika ya umma yakayumba, bei ya pamba ikayumba, timu ikashuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ikapotea kwenye Ligi Kuu kwa miaka 23. Hapo ndo nataka utulie kidogo. Katikati ya hiyo miaka 23 Mwanza haikukosa timu. Tulikuwa na Toto African, Wana Kishamapanda. Tulikuwa na Mbao, timu iliyotokana na wafanyabiashara wa mbao, ilipanda 2016 baada ya wenzake kwenye kundi kuadhibiwa kwa kupanga matokeo, na msimu wake wa kwanza tu ikamtoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho hapahapa Kirumba kwa bao moja, ikaenda fainali Dodoma Mei 2017 ikafungwa na Simba 2-1 kwa taabu kweli. Tulikuwa na Alliance, timu ya shule kule Mahina, vijana wadogo wanakimbia kama hawana mapafu ya kuchoka. Misungwi wakatuletea Gwambina yenye uwanja wake yenyewe, msimu mmoja, kwaheri. Zote zilikuwa timu nzuri na nilizishangilia. Toto ikashuka 2017. Mbao na Alliance zikashuka pamoja 2020, na unajua Mbao alimalizwa na nani kwenye mchujo? Ihefu. Hiyohiyo Ihefu ambayo leo ni Singida Black Stars. Yaani aliyetuchukulia nafasi naye jina lake limechukuliwa.

Lakini niambie, nenda leo kijiwe chochote cha kahawa pale Kirumba au Mabatini, kaa na wazee, uone wanaongelea timu gani. Sio Mbao. Mbao iliyofika fainali juzi tu, kuna vijana walikuwepo uwanjani lakini haina mtu anayeililia. Wanaongelea Pamba, ambayo kwa miaka hiyo yote ilikuwa huko chini inacheza mechi ambazo hata matokeo yake ulikuwa unayapata Jumanne. Mjomba wangu, ambaye alikuwa kuli wa meli kisha akawa na kibanda cha soda, muda wote huo ukimuuliza, "Mjomba, wewe timu gani?" anajibu Pamba, ukimwambia Pamba haipo anakuambia, "Haipo wapi? Mimi nipo." Na anaendelea kuhesabu chenji.

Kwa hiyo timu ilipopanda mwishoni mwa msimu wa 2023/24, ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji na jina jipya la Pamba Jiji, nilimfuata kwanza yeye nijue analionaje hilo neno la pili. Nilitegemea atang'aka. Akasema, "Sawa tu mwanangu, mwenye kumlisha mtoto ana haki ya kumwongezea jina, kufuta la kwanza ndo hana." Na mi ndo nikaona hapo kuna kanuni nzima ya sheria ya michezo ambayo hakuna mwanasheria ameandika. Ongeza, usifute. Dodoma Jiji wameenda njia hiyo, wao walikuwa Dodoma FC. Jiji sio neno tamu, ukweli ni huo, linanukia kikao cha bajeti, hakuna mtoto atakayejichora tatuu ya Jiji. Lakini Pamba imebaki mbele.

Ng'ambo ya ziwa wenzetu Wakenya hili walilipitia kwa amri kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 serikali ilisema timu ziache majina ya kikabila, Luo Union ikageuka Re-Union, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na hiyo AFC sio Abaluhya tena bali All Footballers Confederation, herufi zinaficha kazi yake vizuri sana. Gor Mahia wao walinusurika maana lao ni jina la mganga wa kale wa Kijaluo, sio la kabila lenyewe. Sasa nenda Kisumu au Kakamega leo uulize, shabiki wa Leopards anaiita Ingwe, chui kwa lugha ya kwao, na hajali karatasi za msajili zinasemaje. Hii inanifundisha kwamba unaweza kubadili jina la kwenye cheti, la mdomoni kazi ipo. Lindanda haijawahi kuandikwa kwenye cheti chochote na ndo jina lililodumu kuliko yote.

Tuje kwenye jezi sasa maana huku ndo kwenye kelele.

Ukitaka kujua ukweli wa jezi usiende kwenye uzinduzi wa Dar wenye moshi na muziki, nenda soko la Mlango Mmoja asubuhi bado marobota yanafunguliwa. Timu zetu za mtaani, hizi za ndondo, asilimia kubwa zinavaa mitumba. Unakuta seti nzima ya klabu ya daraja la nne huko Ulaya, tangazo la fundi bomba wa mji ambao hakuna mtu hapa ataufika, mgongoni jina lenye konsonanti tano zimekaa foleni, inanunuliwa, inapelekwa kwa fundi wa kuprinti Makoroboi. Nilikaa siku moja kumwangalia akifanya. Kwanza anaitoa namba ya zamani: anapasha mashine moto, anaibana jezi kidogo, anaifungua haraka anashika pembe ya namba na kucha anaivuta taratibu kama anamenya ndizi, inayogoma anaisugua na petroli. Halafu anakata namba mpya kwenye vinaili, anachokoa vipande visivyotakiwa na sindano, anapanga mgongoni kwa macho tu bila rula, anafunika karatasi, anabana. Tssss. Namba 8 mpya inang'aa. Lakini ukiigeuza kwenye mwanga bado unaiona ile 14 ya mwanzo, haijaondoka, imekaa chini kama kovu, kitambaa pale kilipofunikwa na namba hakijapauka kama pengine. Nikamwambia fundi hii 14 bado inaonekana. "Kaka, ukikimbia haionekani."

Hiyo jezi ya 14 juu yake 8 ndo ilishinda mbuzi wa mashindano ya mtaa wetu. Nimemaliza.

Ila kuna sehemu rangi sio mchezo. Yanga na nyekundu mnaijua. Mdhamini wa ligi wakati ule, Vodacom, nembo yake ni nyekundu, Yanga wakasema hiyo haikai kwenye jezi yetu, wakati timu nyingine zote zinavaa bila tatizo, na mwisho wake nembo ikawekwa nyeusi kwao. Kampuni kubwa yenye rangi yake dunia nzima, imekubali kuvaa nyeusi kwa sababu watu wa Jangwani hawavai rangi ya mtani wao Simba. Wapo walioona ni ushamba. Mi niliona ni biashara nzuri tu, maana linganisha na Cardiff City ya Wales, wao ni bluu, wanaitwa kabisa kwa jina la ndege wa bluu, 2012 mwenye mali akawageuza nyekundu akiamini inaleta bahati na mauzo, timu hata ilipanda Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa na hiyo nyekundu na bado watu waliendelea kuja na skafu za bluu. Januari 2015 akasalimu amri, bluu ikarudi. Kupanda Ligi Kuu kulikuwa hakujatosha kununua rangi! Hapo ndo ujue.

Watani wetu wa upande wa pili nao wasicheke sana kwenye majina, maana Simba ilianza 1936 kama Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland miaka mingi, na Simba ni ya 1971. Lakini angalia tofauti na haya ya siku hizi: nyekundu ilibaki na mtaa wa Msimbazi ulibaki. Jina lilibadilika watu wakiwa palepale. Singida ni watu wamebaki palepale na kila kitu kingine kimepanda basi.

Namba za mgongoni. Kuna kijana aliniandikia baada ya Pamba kupanda, akataka tuanzishe kampeni klabu istaafishe jezi za mashujaa wa 1990, namba zao zisivaliwe tena na mtu. Wazo zuri usoni. Shida ni kwamba enzi zile namba haikuwa ya mtu, ilikuwa ya nafasi. Anayeanza kulia nyuma ni mbili, kushoto nyuma ni tatu, straika ni tisa, ukiwekwa benchi wiki hii namba yako anaivaa mwenzako. Ndo maana mpaka leo mtangazaji anasema "namba sita anayumba" na hazungumzii mgongo wa mtu, na ndo maana dada wa kazi za ndani naye kabandikwa beki tatu, msiniulize nani alianza. Uingereza wenyewe Ligi Kuu yao imeanza namba za kudumu na majina mgongoni 1993. Kwa hiyo ukistaafisha kumi ya Pamba ya 1990 umemstaafisha nani? Walivaa wangapi?

Wenzetu walioweza ni kwa sababu mtu na namba walishaungana. Napoli waliiweka pembeni kumi ya Maradona mwaka 2000, na alipofariki 2020 wakambadilishia na uwanja, San Paolo ukawa Diego Armando Maradona. Argentina nao walitaka kumi isivaliwe Kombe la Dunia 2002, FIFA ikakataa, namba ni moja hadi ishirini na tatu na zote zivaliwe, akavaa Ortega. Kwenye besiboli ya Marekani namba 42 ya Jackie Robinson, mweusi wa kwanza kuvunja ukuta wa ubaguzi kwenye ligi yao kuu ya zama hizi, ilistaafishwa 1997 kwa timu zote za ligi, zote, sio yake tu. Kikapu wakafanya hivyo na sita ya Bill Russell 2022, waliokuwa wanaivaa tayari wakaruhusiwa kuendelea, LeBron James alikuwa mmojawao na mwaka uliofuata akaiacha mwenyewe.

Lakini inayonigusa mimi ni ya Marc-Vivien Foé, Mkameruni aliyeanguka uwanjani Lyon Juni 2003 akiwa na timu ya taifa na hakuamka. Manchester City wakaistaafisha 23 yake. Lyon, alikokuwa amecheza kabla, wakaiweka pembeni 17, halafu 2008 akaja Mkameruni mwingine, Jean Makoun, wakampa yeye aivae kwa heshima ya Foé. Klabu mbili, njia mbili, na mi niko na Lyon moja kwa moja. Sisi huku mtu akifa jina lake halifungiwi kabatini, anapewa mjukuu. Ndo nilichomjibu yule kijana: usistaafishe, rithisha. Kila msimu Pamba itafute dogo aliyekulia hapa, wa Igoma, wa Nyegezi, wa Sengerema, apewe namba moja inayojulikana kwamba ni ya mtoto wa nyumbani, na aliyeivaa kabla amkabidhi mbele ya watu kabla ya mechi ya kwanza. Huu mji umemtoa Mrisho Ngassa, mmoja wa wafungaji wakubwa wa muda wote wa Taifa Stars, na baba yake Khalfan alivaa jezi ya Pamba. Unataka urithi gani zaidi ya huo?

Na kwa timu zinazobadili jina kila msimu, hilo hata tusilijadili. Zitastaafisha namba ya timu ipi?

Uwanja niupitie haraka maana hasira inapanda. CCM Kirumba unabeba watu kama 35,000, uko kiswahili kabisa, mawe ya Mwanza yanauangalia na upepo wa ziwa unakufikia, nakuambia mechi ya saa kumi pale hakuna uwanja Tanzania unaufikia kwa raha. Jina lake lina chama na lina mtaa. Viwanja vingi vya mikoani viko hivyo chini ya chama, vimejengwa enzi za chama kimoja na michango ya wananchi wote, vyama vingi vilipokuja 1992 vikabaki vilipokuwa. Huo mjadala ni mrefu na una wenyewe. Mi nasema tu kwamba kwenye mdomo wa watu hilo neno la kwanza lilishadondoka zamani, konda wa daladala anasema Kirumba, mpenzi anasema tukutane Kirumba, watu wameshauhariri wenyewe bila kikao.

Na majina mapya yakiwa na maana watu wanayachukua, tusijifanye wabishi tu. Uwanja mkubwa wa Dar ule wa 60,000 uliitwa wa Taifa tangu 2007, Julai 2020 wakati wa msiba wa Mzee Mkapa ukapewa jina lake, na haikuchukua muda nchi nzima inasema "kwa Mkapa" kama mnaenda kwa jirani. Kwa nini limekaa? Kwa sababu yeye ndo aliusimamia ukajengwa, kila mtu alijua, kwa hiyo jina halikuhitaji maelezo. Ule wa zamani pembeni yake una jina rasmi la Uhuru na watu wanauita Shamba la Bibi, na nina uhakika hilo la Shamba la Bibi ndo litabaki. Nyamagana yetu iliwekewa nyasi bandia, sura ikabadilika yote, jina hakuna aliyeligusa, na unaona hakuna anayelalamika.

Basi ninachotaka ni kitu kidogo sana kiandikwe. Leo Pamba ni ya Jiji, vizuri. Kesho atakuja mtu na hela, na atakuja tu, atasema naichukua, naipeleka kwenye uwanja wangu, naipa jina la kampuni yangu. Hapo pawe na mstari mmoja kwenye makaratasi unaosema leseni chukua, wachezaji chukua, basi chukua, ila jina Pamba na Lindanda na rangi zake na kombe la 1990 vinabaki Mwanza hata kama tutakaa miaka mingine 23 tunavitunza kabatini. Nimemfuata diwani wetu nikamweleza, tumeongea vizuri tu, ni mtu wa mpira, akasema hilo jambo liletwe kwa maandishi. Ndo naandika. Kuna mtu humu ana mkono wa barua za serikali aje anisaidie, maana tangu Jumapili nimefika kwenye "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na nimeishia hapo.